Kati ya Ka na Wa

Mwalimu Mgalula, darasa la sita, kule Usinge,
aliinua kikombe chake cha chai akakiachia sakafuni.
"Kimevunjika," akasema. "Mtu akianza kuuliza nani,
hapo kimevunjwa."
Tulicheka. Kile kikombe kilikuwa na ufa tangu zamani.
Sikujua ningekesha na somo lile
miaka ishirini baadaye, Kaliua, chumba namba tatu,
kalamu ikining'inia juu ya jalada:
mimba imeharibi

Jina, Nyamizi. Miaka thelathini na mmoja. Uzao wa tano.
Vidole vina gundi nyeusi ya tumbaku isiyosikia sabuni;
wamemtoa banini kwa pikipiki, kabanwa katikati ya shemeji wawili,
kanga ya pili nayo imelowa.
Nesi Zamoyoni ananionyesha kipimajoto bila kusema.
Sijauliza kitu, mgonjwa ameshajibu:
"Nilianguka na mzigo, daktari."
Mimi si daktari, ni tabibu. Nao
wote huanguka na mzigo.
Mwaka huu mizigo ya Kaliua
imeshaangusha wanawake kumi na wanne.

Sheria naijua. Naikunja katika mfuko wa koti,
nakala ya nakala, maneno ya pembeni yamefifia.
Inaniruhusu kuokoa uhai wa mama.
Haisemi uhai huo uwe umebaki kiasi gani,
kibaba, au kijiko,
presha ishuke mpaka wapi
ndipo mkono huu uitwe wa tiba.

Kalunde alikuja mwezi wa tatu kwa miguu yake.
Moyo mbovu, midomo ya zambarau, mimba ya wiki kumi.
Aliketi pale, kwenye benchi lenye msumari,
akaniambia, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi,
"Hii itaniua. Ile ya kwanza nusura."
Nikapiga simu Tabora. Wakasema, andika barua.
Barua ikapanda basi.
Hakuwa amekufa vya kutosha, Kalunde,
alitembea mno, aliongea mno, alikuwa na hamu ya maembe.
Jibu lilirudi na mihuri mitatu
siku ya arobaini yake.

Kwenye baraza la madiwani taarifa yetu ilipewa dakika nne.
Jedwali lina safu: kutokwa damu, kifafa cha mimba, nyinginezo.
Diwani mmoja akasema kata yake haina mambo hayo, ina malaria.
Mwingine, anayeutaka ubunge, akaninong'oneza mlangoni:
"Mbolea ina kura. Bei ya tumbaku ina kura.
Hili lako, kijana, lina matanga tu.
Litunze hadi baada ya uchaguzi."
Akasimama Bi Siwema wa viti maalumu:
"Naomba kujua, hao wa nyinginezo ni akina nani?"
Mwenyekiti akatazama saa.
Chai ilikuwa tayari, na sambusa.

Saa tisa usiku treni ya Kigoma imepita,
chupa za dawa zimetetemeka kabatini.
Nimemsafisha. Damu imekata.
Hilo angalau naruhusiwa, kufagia baada ya kikombe,
ila nisiwe nilikuwapo kikianguka.
Zamoyoni amelala kwenye kiti, viatu mkononi.
Nimeandika herufi ya mwisho.
Nimeiandika vibaya.

Asubuhi Koplo Ntandu kaja na daftari lake;
kuna jirani amesema.
Akafungua jalada, akafuata mstari kwa ukucha,
taratibu, kama anayesoma kaburi,
akafika mwisho, akatulia.
Dirishani Nyamizi alikuwa anaomba uji,
usiwe na sukari nyingi.
"Mwandiko wako mbaya sana, tabibu,"
Koplo akasema, akafunga.

Mpaka leo sijajua
alikuwa ananilaumu
au na yeye aliwahi kusoma kwa Mgalula.