Maili na Kilomita

Baladia imebandika karatasi mbili za manjano,
moja kwenye kioo cha Land Rova,
moja kwenye kioo cha Kresida.
Siku kumi na nne, ziondoke.

Land Rova ni ya sitini na tisa. Baba aliinunua
kwa mtu wa kampuni ya mafuta, siku ambazo Ibra
haikuwa na lami hata ya kuzibia ndoo.
Unaiwasha kwa chuma, mbele, kama unayechota kisimani,
na ukizubaa inakuvunja mkono.
Haina redio. Baba naye hakuwa na maneno.
Maskati siku mbili, bondeni, mawe matupu,
mbuzi nyuma, tende nyuma, sisi nyuma.

Kresida ni ya themanini na nne,
rangi ya maziwa yaliyoungua.
Bi Zuwena wa Mkunazini, mama yetu,
alianguka mtihani wa udereva mara tatu;
ya nne akamwambia askari: leo huniangushi, nimeacha chungu jikoni.
Kwenye matundu ya kiyoyozi alichomeka asumini,
na ndani ya milango ile minne tulisema Kiswahili.
Nje, Kiarabu. Ndani:
“Ufunge taratibu, mlango si ngoma!”

Leo Mir Dad amekuja kutoka Sinaw.
Akaizunguka Land Rova kama anayeposa:
riali elfu sita, hana la kubishana.
Kresida akaigusa tairi kwa ncha ya kiatu:
arubaini. Kwa ajili ya taa.

Nikaingia kusoma saa zake kila moja.
Land Rova, maili elfu thelathini na moja.
Kresida, kilomita laki nne na ushei:
skuli, hospitali, uwanja wa ndege Sib,
kupokea watu, kuaga watu.
Miaka yote uani bega kwa bega
na hazijakubaliana
kutoka hapa mpaka Maskati ni mbali kiasi gani.

Kaka yangu Yarub akainama, akazungusha chuma.
Mara ya tano Land Rova ikakohoa, ikashika.
Tukavuta nyaya, nyekundu kwa nyekundu,
tukangoja bila kutazamana.

Kresida ikaamka.
Kiyoyozi kikatutemea vumbi la miaka tisa,
na ua moja, kavu kama ukucha,
likaniangukia mapajani.

Mir Dad akasogea dirishani.
“Haya,” akasema. “Hamsini.”