Kifungo cha Pili

Alfajiri Mburahati: ufagio wa Mama Nchimbi
unakwaruza uwanja kabla adhana haijaisha,
nami nimeshakaa. Meza yangu ni mlango wa zamani
juu ya kreti mbili za soda;
tundu la kitasa limebaki,
humo nasimamisha brashi zilizolowa.

Glasi mbili: moja ya chai, moja ya kusuuzia.
Mara ngapi nimekunywa ile isiyo yangu!
Ulimi unashinda na bluu mpaka adhuhuri,
muuza genge ananiuliza kama naumwa,
kisha, akinifungia nyanya:
"Dada, kwani wewe unafanya kazi gani?"
Nachora vitabu vya watoto.
"Hapo nimekuelewa. Lakini kazi?"

Hadithi imenijia kwa bahasha, kurasa ishirini na nne:
mtoto katumwa chumvi, karudi na mbwa.
Aliyeandika ameandika "mtoto", basi.
Hakusema ana masikio ya namna gani,
wala anasimamaje anapodanganya.
Hayo ameniachia mimi.

Kwa hiyo namwibia Mwinshehe wa chumba cha pili,
kidogo kidogo, kupitia dirishani:
anavyokinga maji bombani kwa mguu mmoja,
ule mwingine kaukunja nyuma kama anaudai;
shati la shule, kifungo cha pili hakipo,
umebaki uzi tu, na uzi huo
anauzungusha kidoleni kila akifikiria.

Rangi yake ni maji ya kunde. Kariakoo nzima
hakuna duka linalouza kopo la maji ya kunde.
Nachanganya hudhurungi, chungwa, tone la damu ya mzee:
tofali. Naongeza nyeupe:
biskuti.
Jikoni kunde zenyewe zinatokota, chakula cha mchana.
Nafunua sufuria, nachota kijiko,
namwaga kwenye karatasi, nangoja ikauke.
Hilo hapo, shavu la mtoto,
na harufu ya kitunguu.
Sikupaka kitabu kwa mchuzi, hapana,
ila sasa nilijua ninachokitafuta.

Luku inalia. Feni inazunguka kwa uvivu, inasimama.
Jasho linadondoka juu ya anga la ukurasa wa tisa.
Nikaliacha. Likawa wingu.

Bwana Mtalemwa, mhariri, mtu mwema, akapiga simu:
"Kazi safi. Ila kifungo umekisahau.
Shati lina pengo tangu ukurasa wa tatu mpaka mwisho."
Sikusahau.
"Wazazi watasema tunawachora watoto wao ovyo."
Nikanyamaza. Kodi ya miezi sita nayo ni kifungo,
na hakimu wake anagonga mlango kila tarehe mosi.
Usiku ule, kwa tochi ya simu, nikashona kwa wino:
kifungo, kifungo, kifungo,
kila kimoja na matundu yake manne,
mara ishirini.
Ya ishirini na moja nikaipita.
Ukurasa wa kumi na saba, mbali, nyuma ya duka,
mtoto mdogo kama punje ya mchele:
hapo shati nikaliacha wazi.

Kitabu kilifika miezi tisa baadaye.
Mwinshehe kaongezeka shingo, shati ni jipya,
vifungo vyote vipo.
Alikaa kizingitini, akafunua haraka haraka,
akamcheka mbwa.
"Huyu mtoto ana masikio makubwa," akasema,
akaendelea.

Kumi na saba. Akasogeza kitabu mpaka puani.
Mkono ukapanda kifuani peke yake,
ukatafuta uzi ambao haupo,
ukazungusha hewa.

"Dada, hapa umekosea," akasema polepole,
na hakugeuza ukurasa.

Nikanyanyua glasi, nikapiga funda.
Haikuwa chai.