Ndoo ya Maji ya Uvinza

Ziwa letu halina chumvi. Nalisema mapema
kwa sababu wageni huchovya kidole, wakaramba, wakashangaa.
Hapa Kibirizi hata msumari wa mtumbwi huzeeka taratibu,
kama shangazi asiye na deni.

Basi Ruhaga aliponiletea kisu
kimegandana na ala, hakitoki hata kwa koleo,
nilidhani kimelala nje masika nzima.
Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
Upande wa pili ulikuwa umechanwa na uzi.

Yeye huzamia samaki wa mapambo,
wale wadogo wenye mistari, wanaosafirishwa kwenye mifuko
wakaishi ndani ya vioo vya watu.
Futi sitini chini, mpira wa hewa mdomoni,
wavu uliotelekezwa ukamshika mguu.
Akavuta kisu. Kisu kikakaa.
Akautoa mpira, akang'ata uzi, akaurudisha mpira.
Akautoa tena.
Nyuzi kumi na moja. Alizihesabu.

"Nani alikiazima?"
Ntezilyo, shemeji yake, wa kwenye chumvi Uvinza,
wiki mbili tu, kufungulia viroba.
Chumvi ikapanda treni na kisu, ikashuka Kigoma,
ikajikalia ndani ya ala, punje chache,
ikingoja maji.

Nikaagiza ndoo ya maji ya chemchemi ya kule,
mazito, yanayokumbusha kidole kila mchubuko.
Nikatumbukiza vyuma vinne:
springi ya Land Rover,
tupa kuukuu,
kipande cha shafti ya boti,
na kijiko cha mama, cha stenlesi, cha seti ya harusi.

Kesho yake springi ilikuwa na rangi ya mawese.
Tupa, inayoshika makali kuliko wenzake wote,
siku ya nne ilikuwa na vishimo kama uso ulionusurika ndui.
Shafti ilipata madoa mawili; yakafutika kwa kitambaa.
Kijiko kilitoka kama kilivyoingia, kinajiona.
Nilikigonga, nikakinoa:
nyanya ya kwanza kiliikata,
ya pili kikaiponda.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Aliyesema hivyo alikuwa nchi kavu, nyama iko mezani.
Kisu cha mzamiaji hukaa kiunoni miezi tisa bila kazi
kwa ajili ya dakika moja,
na dakika hiyo haitumi barua.

Nikachagua shafti.
Si kisu cha kunyolea ndevu, nilimwambia ukweli.
Mgongoni nikakichonga meno ya msumeno, kwa ajili ya nyuzi,
chini ya ala nikatoboa matundu, maji yasipate pa kulala.
"Na ukitoka ziwani kioshe, kifute, kipake mafuta."
"Si umesema hakishiki kutu?"
"Nimesema hakina haraka."

Alilipa nusu. Nusu nyingine iko majini bado,
ina mistari, inaogelea.

Ntezilyo naye nilimtumia kisu chake kwa treni,
kilaini, cha kunolewa kila asubuhi kabla ya chai,
lakini viroba havina haraka
na chumvi haitakiweza.

Mama hajauliza kitu.
Jana jioni nilimsikia jikoni akihesabu,
anafika tano, ananyamaza,
anaanza upya.