Boriti ya Tano

Dalali Nasri alikuwa na haraka ya muuza barafu.
"Mwalimu, nyumba hii haina siku mbili.
Yupo mtu Maskati, anapiga simu kila baada ya sala.
Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."
Fundi Machano keshavua viatu mlangoni:
"Basi niache nimtazame mwana meno."

Si nyumba kubwa. Utaani, Wete,
vyumba vitatu, ukumbi, ua na mndimu mmoja,
baraza iliyosuguliwa na makalio ya miaka sitini
ikawa laini kama kipande cha mwisho cha sabuni.
Kuta zimepakwa rangi ya maziwa, mbichi bado,
inanukia kuushinda udi.
Mimi, kusema kweli, nilishainunua kichwani.
Nilishachagua pa kutundika saa ya marehemu baba.
Ndani ya bahasha: misimu minne ya karafuu
na kiinua mgongo cha miaka thelathini ya chaki.

Fundi hakuja na mashine.
Nyundo, bisibisi, tochi ya simu yenye kioo cha ufa.
Akaanza chini, magotini,
kama mtu aliyedondosha pete.
Akanusa pembe. Akaonja vumbi la ukuta kwa ncha ya ulimi:
"Chumvi. Walijengea mchanga wa pwani.
Haiui, ila kila mwaka utapaka."
Akafunua karo, akalifunika upesi:
"Hili halitaki maelezo."

Nyuma ya kabati, ufa, urefu wa mkono wangu.
Moyo ukanishuka hadi kwenye kandambili.
Machano akabandika ukanda wa karatasi juu yake,
akaandika tarehe kwa penseli.
"Ikichanika, ukuta bado unatembea. Turudi Alhamisi."
Nasri akatazama saa.
Wiki ile nzima mtu wa Maskati hakupiga.

Alhamisi, karatasi nzima.
"Ufa huu mzee. Safari yake ilishakwisha."
Nikacheka peke yangu, nikaishika bahasha.
"Bado," akasema, akaomba ngazi.

Chumbani kwa mwenye nyumba, dari lilikuwa zuri
kuliko vyote tulivyoviona.
Boriti tisa, nyeupe, zimelala sawasawa.
Akagonga ya kwanza kwa mpini: ko.
Ya pili: ko.
Ya tatu, ya nne: ko, ko.
Ya tano ikasema: pu.
Kama mtu aliyeitwa jina akajibu kutoka ndani ya kisima.
Bisibisi ikazama mpaka mpinini,
bila nguvu, kama kijiti ndani ya boga bivu.
Mbao haikuwamo. Walikuwamo mchwa,
na rangi mpya ndiyo iliyokuwa ikishikilia dari.

Nikageuka na hasira yangu tayari mdomoni.
Bi Time alikuwa mlangoni, kanga begani,
anaitazama ile tundu.
"Usiku nasikia kitu kinatafuna," alisema.
"Nikadhani panya. Halafu nikadhani masikio yangu yamezeeka.
Mjukuu kapaka rangi, nikamshukuru,
nikamwambia sasa chumba kimepata nuru."

Chini ya boriti ya tano, mto wake.

Ile hasira sikujua niiweke wapi.
Nasri alifungua mdomo kutaja bei,
Machano akamtazama, akaufunga.
Tukakikamata kitanda cha samadari, watu watatu,
mguu wa nne akaushika Bi Time mwenyewe, akikataa kukatazwa,
tukakiburuta mpaka ukumbini,
chini ya ufa usio na neno.

Bei tutaizungumza. Si leo.
Palipokuwa kitanda zimebaki alama nne sakafuni,
na katikati yake, kichuguu kidogo
cha chembe kavu kama mbegu za mchicha,
ambazo amezifagia kila asubuhi, Mungu anajua tangu lini,
akazimwaga mndimuni.