Bati Jipya

Saa nane usiku, Newala, baridi ya mlimani.
Mama anapapasa ukuta,
anatafuta mlango pale ulipokuwa
katika nyumba tuliyoibomoa.

Taa ya uani nimeizima:
kanzu msumarini imeacha kuwa
marehemu mjomba Nandonde.
Kioo nacho nimekigeuza;
yule bibi asiyeitikia salamu
kaenda zake.

Lakini bati. Bati jipya linaalika kwa baridi,
ta, ta,
na mama anajifunga kanga: "Somoe, amka,
wenzetu wanabangua."

Jana nilikivuta kitanda, kichwa
kikaelekea mikorosho ya baba, kama zamani.
Akalala mpaka adhana.

Mimi ndiye niliyekesha,
ta, ta,
nikihesabu korosho zilizopasuka nzima.