Kidole Gumba cha Mama wa Kikapu

Sikuja kwa ajili ya mlima. Mlima leo umejifunika
na mimi sina muda wa kuubembeleza.
Nimeshuka stendi, nikaivuka barabara kwa hesabu ya utotoni:
pikipiki moja, pikipiki mbili, lori la ndizi, haya sasa,
nikakufikia, Mama wa Kikapu,
katikati ya duara lako la majani na vizibo vya soda.

Umepungua.
Au ni mimi niliyekukuza kule Mwanza, miaka kumi na tisa,
kila nilipoulizwa kwetu ni wapi nikajibu:
Moshi, ukimfikia yule mama wa saruji, kata kushoto.
Mji mzima unakata kushoto kwako au kulia.
Wenye madeni huahidi kukutana nawe hapa, wasije.
Desemba, watu wakipanda kwao na watoto wasiojua Kichaga,
hupanga foleni wapigwe picha
wamekuegemea kama shangazi asiyechoka wageni.
Na kikapu kimejaa buni. Bei imepanda, imeshuka, imeshuka tena;
wewe hujakishusha.

Kila Ijumaa, jua halijachachamaa,
baba yangu, Eliangiringa Mlay, kibarua wa Manispaa,
alikuegemezea ngazi.
Ndoo. Brashi ya katani. Kipande cha sabuni ya mche.
Alianza na uso, kama aoshwavyo mtoto,
macho, pua, nyuma ya masikio ambako hakuna atazamaye.
Kinyesi cha kunguru alikikwangua kwa kijiko cha nyumbani
ambacho mama alikitafuta mpaka akachoka.

Mwaka ule lori lilipokosa breki likakuparuza mkono,
kidole chako kiliokotwa mtaroni, vipande vitatu.
Ofisi ikasema bajeti. Baba akasema, nipeni nusu mfuko.
Usiku akakaa na koroboi,
kidole gumba chake mwenyewe kimesimama mezani,
akaiga ukucha uliopasuka, akaiga kovu la panga.
Ndiyo maana mpaka leo
mama mchuma kahawa ana dole la mwanamume,
jeusi kidogo kuliko mkono wake.

Sasa niseme.
Darasa la saba. Tunapita hapa mstari mmoja, soksi nyeupe,
na baba, juu ya ngazi, akapunga brashi.
Ndekusia akaniuliza: yule anakujua?
Nikasema: hapana, labda anampungia mwalimu.
Brashi ikabaki hewani kitambo,
kisha ikarudi shavuni kwako, polepole.
Jioni alikuja na maandazi kwenye gazeti.
"Yule mwalimu wenu," akasema, "hakuniitikia."
Akanichagulia andazi kubwa.

Kaburini, Kilema, nimekwisha kwenda.
Kule kuna marumaru, na jina limeandikwa bila kosa.
Lakini sikumkana Kilema. Nilimkana hapa.
Basi nimekuja na jani la isale
nimelipiga fundo kama bibi alivyonionyesha,
nalichomeka kati ya dole na ukingo wa kikapu.
Halikai. Linaanguka. Nalichomeka tena.

"Dada! Hairuhusiwi kukanyaga majani!"
"Natoka," nasema, na sitoki.
Kijana wa kamera amekwisha kufika: "Elfu mbili tu, inatoka sasa hivi."
Nashika dole. Ni la baridi, kisha si la baridi sana.
Picha inatoka: mimi nimefumba macho,
wewe umekatwa kichwa,
ukucha umeonekana vizuri, na ufa wake.
Anaomba radhi, anataka kurudia.
Namwambia acha, na ile chenji kaa nayo.

Nikiwa ng'ambo ya barabara nageuka,
nainua mkono juu kabisa, napunga.
Mwanafunzi mmoja, begi mgongoni, anasimama,
anatazama nyuma yake
kuona nampungia nani.