Jerikeni Nyekundu

Umeme ulikatika nikiwa wiki ya nne.
Ya kwanza nilishaimaliza: jamii ni nini.
Ya pili familia, ya tatu matabaka.
Ya nne niliiandika kwa mwanga wa simu:
mamlaka. Nikaipigia mstari,
chaji ikabaki asilimia sita, nikalala.

Asubuhi muhtasari ukaenda kwa Adriko, nje ya geti,
shilingi mia kwa ukurasa, kurasa nane.
Nikawaona wakipiga hesabu kwa vidole,
kisha watu saba wakanunua nakala moja,
wakaigawana kama mkate.
Somo la matabaka limeanza wiki mbili kabla,
halikunisubiri.

Ukumbini: viti themanini, majina mia mbili na kumi na tatu.
Waliokosa viti walisimama dirishani, nje, manyunyuni,
mmoja anaandika, mwenzake amewashikia mwavuli.
Nikauliza: jamii ni nini?
Wakainama, wakaliandika swali.
Nikauliza tena. Wakalipigia mstari.
Nikawasomea fasili tatu
zilizovuka bahari na makoti yao ya baridi;
zikatoka jasho mbele yetu.

Nikafunga kitabu.
Nendeni kwenye pampu ya maji iliyo karibu na mnapolala.
Kaeni saa moja, msiulize kitu.
Nani wa kwanza, nani anarudishwa nyuma,
nani anacheka bila kufurahi.
Andikeni mnachokiona, si mnachokijua.
Onzima, wa nyuma kabisa, akanyoosha mkono:
"Mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?"
Lilishatoka, nikamwambia, siku uliyozaliwa.
Wakacheka. Nami nikajipenda kidogo.

Ijumaa zikaja karatasi, nyingine zimelowa pembe.
Mengi niliyatarajia: wanawake, watoto,
mwanamume mwenye baiskeli asiyepanga foleni,
mama wa kambini anayeulizwa ametoka wapi
kabla ya kuruhusiwa kuwa na kiu.

Kisha ya Ayikoru, ukurasa mmoja, mwandiko umebanana,
pampu ya Oli, alfajiri:

"Jerikeni ishirini na saba, watu kumi na tisa.
Jerikeni zisizo na watu zilisukumwa nyuma kwa miguu,
isipokuwa moja, nyekundu, kitambaa cha bluu shingoni.
Kila foleni iliposogea, mkono uliinyanyua ukaisogeza,
na si mkono uleule.
Bibi mmoja alifika, akaitazama, akajipanga nyuma yake.
Ilipojaa, mtoto alikuja kuichukua.
Ni ya mtu anayefundisha chuo.
Sikuuliza. Waliniambia wenyewe."

Nilisoma mara tatu, nimesimama.
Ilikuwa pale, karibu na mlango wa jiko,
kitambaa cha bluu shingoni, tumbo limejaa,
kimya, kama shahidi ambaye hakuitwa.
Nampa Letasi mia mbili kila asubuhi
na hiyo nikaiita bei ya maji.
Sikujua kuna mikono.

Ayikoru nilimpa sabini na nane.
Mbili za kufika themanini nilimnyima
kwa kusahau tarehe.
Nikakaa na hilo pia.

Jumapili usiku nikaifuta wiki ya kwanza.
Sikupata cha kuandika mahali pake.
Kulipokucha nikaichukua mwenyewe jerikeni,
nikashuka hadi Oli na kandambili,
nikaiweka chini, nyuma kabisa,
nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni.
Akageuka. Hakunitazama mimi kwanza;
alikitazama kitambaa.
Akasogea kando.
"Pita, mwalimu."
Nikasema hapana, nangoja zamu yangu.
Akacheka bila kufurahi,
na mbele yake mwingine akasogea, na mwingine,
na mkono nisioujua ukaiinua jerikeni.